Orodha Nyuma ya Risiti

Nimeiandika nyuma ya kitabu cha risiti,
pale ninapoandika madeni ya watu:
kioo cha simu, chaja, spika ya yule wa bodaboda.
Kichakataji. Ubao mama. Ramu. Kadi ya michoro. Pawa saplai.
Mstari wa kadi nimeufuta mara tatu,
karatasi imetoboka.

Milioni mbili na laki moja.
Miezi kumi na minne ya kulehemu simu za Arua
kwa ncha nyembamba kuliko unywele.

Lemeriga anasema: mwaga zote kwenye kadi.
Kadi ndiyo gemu, mengine mapambo.
Hajawahi kununua hata feni,
lakini ana hakika
kama mtu anayepanga mahari ya jirani.

Usiku nalala na namba.
Viini sita au vinane?
Gigabaiti kumi na sita,
au nane sasa, nane baadaye?
Naijua baadaye.
Baadaye ni binamu wa hapana.

Na kabla ya hapo, aibu:
nilikuwa nimependa vipande viwili visivyooana,
kila kimoja kizuri kwao,
soketi ya huyu haimtambui yule.

Ubao mama. Jina lilimchekesha mama.
"Kumbe hata humo wote wanabebwa na mama?"
Nikasema ndiyo, na umeme wao unapitia kwake.
"Basi usimchukue wa bei ya kutupa,"
akageuza samaki wake juu ya turubai,
angara wakavu, tumbo juu.

Kampala, ghorofa ya tatu, duka lisilo na dirisha,
Ssemwanga akaniletea kadi iliyotumika,
imepanguswa mpaka inang'aa.
"Ya mwanafunzi huyu. Msichana. Alikuwa anaandikia tu."
Laki sita na nusu.

Mama hununua angara kwa pua.
Jicho hudanganywa na chumvi, husema,
pua haina haya.
Nikaiinua kadi, nikainusa
katikati ya feni zake mbili.
Duka zima likacheka.
Ilinuka kibanda changu, ile siku ya Januari
stima ilipokatika, ikarudi na hasira zake,
ikala simu tano za watu kwenye chaji.
Tano. Nilizilipa zote.

Nikairudisha.
Nikachukua ndogo, mpya, ya feni moja,
ambayo msitu wake wa gemu una vivuli vichache
na majani yasiyotikisika.
Pesa iliyobaki nikaiweka mahali pasipoonekana:
pawa saplai, nzito kama jiwe la kusagia,
haina taa, haina rangi,
hakuna rafiki atakayeiinamia kuitazama.
Lakini mimi na stima ya kwetu tunajuana.

Lemeriga alinuna siku mbili.
Ya tatu akaja na bisibisi.

Tulijenga juu ya meza ya simu,
mkono mmoja ukigusa nondo za dirisha
ili mwili usirushe cheche.
Skrubu moja ilibaki.
Mpaka leo sijui ni ya wapi.
Skrini haikuwepo:
pesa iliisha kabla ya orodha.

Basi tukangoja mechi iishe kwa Buga, kibanda cha video,
watu watoke na lawama zao kwa refa,
tukachomeka waya kwenye runinga yake kubwa.
Feni zikazunguka.
Giza.
Buga akatazama saa.
Lemeriga, kwa mara ya kwanza, hakuwa na la kusema.
Nikafungua ubavu wa kasha, nikaibonyeza ramu
kwa kidole gumba. Ta.

Hakuja shujaa, wala muziki, wala msitu.
Zilikuja herufi nyeupe kwenye weusi:
kichakataji, viini sita;
ramu, kumi na sita;
kadi, jina lake lote.
Nikasimama kati ya mabenchi matupu
ikinisomea orodha yangu,
mstari kwa mstari,
bila kufuta.